Ndugu yako akichukuliwa kwa tuhuma za ugaidi: tuliyoyapitia sisi

Kila kijana anapochukuliwa huku kwetu Kwale, Pwani ya Kenya, hazipiti saa nyingi kabla ya jamaa zake kunitafuta. Wamesikia kwamba mdogo wangu alikamatwa kwa tuhuma za ugaidi na akarudi nyumbani, basi wanataka kujua tulipita njia gani. Nimeyasimulia haya kwenye simu mara nyingi, usiku wa manane na katikati ya vipindi shuleni ninakofundisha, nikaona afadhali niyaandike. Mtu aliyechanganyikiwa hashiki hata nusu ya anayoambiwa, lakini maandishi anaweza kuyarudia.

Kwanza nieleze ninaposimama. Mimi si katika wale wanaosema Al-Shabaab ni hadithi ya kutungwa. Mume wa dada yangu ni dereva wa basi la Lamu. Amepita Witu na Nyongoro nyuma ya magari ya polisi kwa miaka mingi, na utingo wake wa zamani alipigwa risasi kwenye barabara ile akafa. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Januari 2020 basi la abiria likashambuliwa Nyongoro, watu wakafa tena. Kwetu mambo haya si habari za redioni. Shemeji akichelewa kupiga simu ya kusema amefika, nyumba nzima hailali. Kwa hiyo ninaposema sheria ya kupambana na magaidi lazima iwe na mipaka, nasema nikiwa na mtu wangu upande wa wanaowindwa na magaidi, na mtu wangu mwingine upande wa waliokamatwa kwa sheria hiyo.

Mdogo wangu ni fundi wa simu. Kibanda chake kiko karibu na stendi ya matatu. Ijumaa moja baada ya Maghrib alikuwa anafunga, zikaja gari mbili. Wanaume waliovaa kiraia walimtia pingu, wakazoa kila simu iliyokuwa mezani na kwenye droo, pamoja na kopo la laini za zamani, wakamwingiza garini wakaondoka. Hakuna aliyejitambulisha wala kutaja kituo. Kijana anayeuza madafu hapo kando ndiye aliyetuokoa: nambari ya gari moja alikuwa ameiandika kwa kalamu kwenye kiganja chake. Gari la pili, alisema, halikuwa na nambari.

Nambari ile ya kiganjani ilikuja kuingia kwenye hati ya kiapo. Ndiyo maana nawaambia watu: kabla ya kulia, kusanyeni mliyoyaona. Saa ilikuwa ngapi, gari la rangi gani, wangapi, walisema nini, walielekea wapi, nani alikuwa jirani. Kila shahidi aandike yake mwenyewe siku hiyo hiyo na kutia sahihi, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari. Baada ya wiki moja kumbukumbu zinaanza kuchanganyikana, na hofu inawafanya watu waseme hawakuona kitu.

Usiku ule tulizunguka vituo vya polisi mimi na ami yetu. Jibu lilikuwa moja: "Hapa hayupo, mama. Subirini asubuhi." Ningekuwa peke yangu huenda ningegeuka nyumbani. Ami, ambaye aliwahi kuwa karani wa mahakama, alisimama palepale kaunta akasema kwa upole kwamba hakuja kubishana na mtu, anataka tu iandikwe kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, kwamba familia imefika kumuulizia fulani, aliyechukuliwa saa fulani na gari la nambari fulani. Askari wa zamu akasema hilo halina haja. Ami akavuta benchi akaketi. Ilikaribia saa sita ya usiku tulipopewa nambari ya OB kwenye kipande cha karatasi.

Kama nina jambo moja la kukuachia, ni hilo. Mtu akishaandikwa, akishatajwa mahali ambapo afisa ametia kalamu yake, ni vigumu kumfanya asiwepo. Hata kama kituo kinakataa kwamba kinamshikilia, dai iandikwe kwamba mmekuja kuuliza. Usiombe kama fadhila, na usipige kelele pia. Kelele humpa askari sababu ya kukufukuza.

Kisha kuna saa 24. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kunyamaza, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ila saa hizo zikiisha nje ya muda wa kazi wa mahakama, au katika siku ambayo si ya mahakama, basi ni mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Mtu aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kukaa mpaka Jumatatu na bado sheria ikawa haijavunjwa kwa hesabu hiyo. Wengi hawalijui hili. Jumamosi usiku wanaanza kupiga kelele kwamba muda umepita, nguvu zinaishia hapo, na Jumatatu asubuhi, siku yenyewe, wamechoka. Ndugu yako akikamatwa Ijumaa, tumia Jumamosi na Jumapili kutafuta wakili na kukusanya karatasi.

Sisi Jumamosi yetu iliibiwa kwa namna nyingine. Mtu alimpigia simu mama, akamtaja mdogo wangu kwa majina yake yote matatu, akasema yeye yuko ndani na jina linaweza kutolewa kwenye orodha kwa Sh40,000. Mama hakusema na mtu. Alichangisha kwa ndugu zake wa Msambweni, akatuma Sh15,000 za kuanzia, na simu ile haikupatikana tena. Simlaumu mama. Mtu aliyenyang'anywa mwanawe usiku hupapatika kama anayezama maji, atashika chochote. Lakini jueni kwamba habari ya kukamatwa ikishatoka kuna watu wanaoisubiri kama biashara. Waambieni wazazi mapema: pesa haitumwi kwa sauti ya kwenye simu, na kila anayedai kujua alipo aje uso kwa uso mbele ya wakili. Na kumhonga afisa, hata akiwepo kweli, ni kosa jingine litakaloiangukia familia.

Wakili tulimpata Jumapili kupitia shirika la haki za binadamu la Mombasa. Ami mwenyewe, kwa ujasiri wake wote wa kaunta, aliogopa tusiende huko. "Mtaandikwa nyote," alisema. Hofu yake ina historia. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa yalitiwa kwenye orodha ya serikali ya wanaoshukiwa kuhusiana na Al-Shabaab, na akaunti zao za benki zikafungwa. Walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Juni mwaka huo mahakama ikasema hakuna ushahidi wa kuwahusisha na ugaidi, na Novemba akaunti zikaamriwa zifunguliwe. Nilimkumbusha ami mwisho wa kisa hicho, kwa sababu watu wengi wanakumbuka mwanzo wake tu. Kutafuta msaada wa kisheria si kosa, na sijaona familia iliyodhurika kwa kuwa na wakili. Zilizokosa wakili nimeziona zikiteseka.

Wakili alitaka Sh50,000 za kuanzia, tukampa 20,000 na ahadi. Akatuuliza maswali mpaka usiku. Alikuwa anaandaa ombi la kutaka mahakama iamuru anayemshikilia mdogo wangu amlete mbele yake, lile ambalo mawakili huliita habeas corpus. Kifungu cha 51 kinatoa haki hiyo, na Kifungu cha 25 kinaiweka pamoja na haki ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, vita iwe au amani: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki, na agizo hilo la kuletwa mahakamani. Kifungu cha 22 kinaruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kwenda mwenyewe, na kinasema kufungua shauri la namna hiyo hakutozwi ada. Sikuwa nimewahi kuisoma Katiba kwa namna hii. Nilikuwa nawafundisha watoto sura zake kama mashairi ya kukariri.

Jumatatu asubuhi, kabla hata ombi halijawasilishwa, mdogo wangu aliletwa mahakamani. Wakili anaamini ile nambari ya OB na barua aliyoituma Jumapili jioni kwa mkuu wa kituo ndizo zilizofanya kazi.

Hakuletwa kushtakiwa. Hapo ndipo familia nyingi huchanganyikiwa. Afisa mpelelezi alileta maombi madogo, na hati ya kiapo ikisema kijana huyu anashukiwa kuwa mwanachama wa kundi la kigaidi, kwamba simu zinahitaji kuchunguzwa, na kwamba wanaomba wamshikilie siku 30. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inaruhusu hilo: mahakama inaweza kuamuru mtu azuiliwe hadi siku 30, na muda huo unaweza kuongezwa, ila jumla isizidi siku 90. Uanachama peke yake, ukithibitishwa, adhabu yake inaweza kufika miaka 30 gerezani. Mama aliposikia "thelathini" ya pili alidhani ndiyo hukumu imetoka, akaanguka. Mkalisheni mzazi chini na kumweleza haya kabla ya kuingia kortini.

Wakili hakupinga uchunguzi. Jambo hili nilikuja kulielewa baadaye. Alisimama akasema serikali ina haki na wajibu wa kuchunguza, lakini aliyeomba siku 30 aeleze atazifanyia nini, siku kwa siku, na kwa nini kazi hiyo haiwezi kufanyika mtu akiwa nje. Kifungu cha 24 kinataka hivyo: haki ikipunguzwa, ipunguzwe kwa sheria, kwa kiasi kinachofaa, na iangaliwe kama hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Hakimu akamuuliza mpelelezi kuchunguza simu kunachukua muda gani. Akajibu kama wiki mbili. Tukapewa siku 14, na maagizo kwamba daktari amwone, wakili amfikie, na familia iruhusiwe kumtembelea. Ombeni maagizo hayo kwa sauti, pale pale. Jambo ambalo hakuna aliyelitaja, hakimu anaweza asiliagize. Na daktari ni muhimu hata kama kijana anasema yuko sawa, kwa sababu ripoti ya siku ya kwanza ndiyo kipimo cha siku zote zitakazofuata.

Tulipomwona, alisema amekuwa akiambiwa kwamba akinyamaza, kunyamaza kwake kutatumika dhidi yake. Wakili alimjibu kwa kumpa kipande cha historia, nami nakileta hapa kwa sababu kinaeleza jinsi mizani hii inavyopanda na kushuka. Baada ya shambulizi la duka kubwa la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, Mpeketoni mwaka 2014, basi la Mandera Novemba mwaka huo ambapo abiria 28 walitolewa na kuuawa, na wachimba mawe 36 waliouawa Mandera siku chache baadaye, Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama tarehe 18 Desemba 2014, wabunge wakivurugana ukumbini, na rais akaitia sahihi kesho yake. Watu walikuwa na uchungu, na nani asingekuwa nao? Lakini sheria iliyotungwa siku za matanga ilibeba mambo mengi. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu vinane. Vilivyofutwa ni pamoja na vya kubana vyombo vya habari, kumficha mshtakiwa ushahidi, kuingilia dhamana, kugusa haki ya kunyamaza, na kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini. Vingine vikaachwa, kikiwemo cha kunasa mawasiliano ili kuzuia ugaidi. Majaji hawakusema usalama hauna maana, wala hawakukubali kwamba hofu inahalalisha kila kitu. Walipita kifungu kwa kifungu.

Kwa hiyo mdogo wangu alishauriwa ataje jina lake, makazi yake na kazi yake, na mengine ayajibu wakili akiwepo. Akafanya hivyo.

Sasa nije kwenye daftari la kazi la mdogo wangu.

Ni daftari la kawaida la shule, jalada limeshikiliwa kwa selotepu, kurasa zina madoa ya gundi ya kubandikia vioo. Kila mstari una tarehe, jina la mteja, nambari yake, aina ya simu, tatizo, malipo ya awali na deni. Alianza kuliandika kwa sababu wateja walikuwa wakibishana naye kuhusu kioo alichokibadilisha na bei waliyokubaliana. Siku ya kukamatwa lilikuwa nyumbani, mama alikuwa akimjumlishia madeni. Waliozoa simu hawakuuliza kama kuna kumbukumbu ya wenyewe.

Tulipopata nakala ya hati ya kiapo ya mpelelezi tuliona shaka ilikoanzia. Simu moja kati ya zilizochukuliwa iliwahi kuwasiliana na mtu anayetafutwa. Tukarudi kwenye daftari, mimi na dada yangu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Ilikuwemo. Iliingia ikiwa na kioo kilichopasuka, mteja akaacha malipo ya awali, akaandikwa jina moja na nambari, na hakurudi tena. Mtu wa kweli, wa kumfuatilia, alikuwa kwenye mstari ule tangu siku ya kwanza. Kama fundi angeketishwa mezani Ijumaa ile ile, wakili akiwa kando, akaulizwa "simu hii ni ya nani", wapelelezi wangeondoka na nambari na sura ya mtu saa hiyo hiyo. Badala yake walikuja kulipata jina na nambari yake wiki mbili baadaye, kwenye nakala zilizoletwa na familia ya mshukiwa.

Jambo hili linanikera mpaka leo, na linanikera kama dada na vilevile kama shemeji wa dereva wa Lamu. Tunaambiwa haki za aliyekamatwa ni mzigo unaowachelewesha wanaotulinda. Kwetu sisi kilichochelewesha ni kumchukulia fundi kama adui kabla ya kumuuliza kama shahidi.

Shemeji mwenyewe tulikosana naye mwanzoni. Usiku wa kwanza alisema, "Acha wamchunguze. Wakikosea watamwachia." Sikumsemesha siku kadhaa. Sikumwelewa kwamba kwake yeye kila kijana anayeachiwa kwa haraka anaweza kuwa ndiye atakayelala porini akisubiri basi. Dada yangu ndiye aliyempelekea hati ya kiapo na nakala ya ule ukurasa. Akavisoma, akakaa kimya, kisha akasema, "Huyu akikaa ndani, mwenye simu yuko nje." Kuanzia hapo akawa nasi.

Tulimhitaji kwelikweli. Siku 14 zilipoisha wapelelezi waliomba nyingine. Wakili akaonyesha nakala za daftari, zile zilizokwisha pokewa na mpelelezi kwa sahihi (asili hatukuitoa mikononi mwetu, nanyi msiitoe bila kuandikiwa), na hakimu akamwachilia kwa bondi ya Sh200,000 na mdhamini mmoja, kwa sharti la kuripoti kituoni kila wiki. Furaha ilitushika kwa dakika chache tu. Bondi inataka mali yenye karatasi, na huku Pwani watu wengi tunaishi kwenye ardhi ya mababu isiyo na hati. Kiwanja chetu kina makaburi ya vizazi vinne na hakina hati miliki. Katiba inasema masharti ya dhamana yawe ya kadiri, lakini kiasi kinachoonekana cha kadiri kwenye karatasi kinaweza kuwa ukuta kwa familia nzima. Shemeji alileta kitabu cha umiliki wa gari lake dogo la Probox. Likakaguliwa na kufanyiwa tathmini, akaulizwa na hakimu kama anaelewa kwamba kijana akitoweka gari linakwenda, akajibu anaelewa.

Andaeni mambo haya mapema: nani ana hati au kitabu cha gari kwa jina lake mwenyewe, nakala za vitambulisho, barua ya chifu, na mtu wa kuzungumza na afisa wa probesheni akija nyumbani kuuliza. Afisa huyo akija mweleze ukweli wa familia, hata wa aibu, kwa maana atauliza majirani pia.

Gharama zote, ukijumlisha wakili, tathmini, nauli, chakula cha kupeleka, zile 15,000 za tapeli, na fidia kwa wateja waliotaka simu zao, zilipita Sh180,000. Mama aliuza ng'ombe. Mshahara wangu wa ualimu ulikwenda na mkopo wa chama ambao nimeumaliza juzi.

Lakini kilichotutisha zaidi kilikuja baada ya kutoka. Wateja walipungua. Rafiki walivuka barabara. Mzee wa Nyumba Kumi, aliyekuwa akishinda kibarazani kwetu, akaacha kupita, na majirani wakaacha kumpelekea habari yeye pia, kwa kuogopa kwamba anayetaja jina leo anaweza kutajwa kesho. Katika ukimya huo ukaingia ujumbe kwenye simu ya mdogo wangu kutoka kwa mtu asiyemjua. Ulianza kwa pole. Ukasema serikali hii haimtaki, ndugu zake wa kweli wapo wanaomjua thamani. Nilipousoma mikono ilinitetemeka. Walikuwa wanajua amekamatwa, wanajua ameachiwa, na wanajua jinsi mtu aliyedhalilishwa anavyojisikia.

Hakuujibu na hakuufuta. Mtu akipata ujumbe wa namna hiyo, hofu ya kwanza ni kuufuta usionekane, na kufuta ndiko kunakoonekana kama kuficha. Tuliupeleka kwa wakili siku ile ile, naye akaufikisha kwa mpelelezi kwa barua, tukabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Na mdogo wangu, aliyekuwa na kila sababu ya kununa, alikaa na afisa yule yule, wakili kando yake, akaeleza sura ya mteja wa kile kioo kilichopasuka. Alisema nami njiani kurudi kwamba hakufanya kwa ajili ya polisi, amefanya kwa ajili ya shemeji na abiria wake.

Malalamiko kuhusu namna alivyochukuliwa tuliyaandika kwa IPOA, ambayo ni mamlaka huru ya kuangalia mienendo ya polisi, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011. Kulalamika hakuna malipo. Wapelekeeni tarehe, saa, nambari ya OB, nambari ya gari na ripoti ya daktari. Msiwapelekee matusi.

Faili hatimaye lilifungwa bila mashtaka. Hapo msikimbilie nyumbani. Pale kortini nilimfahamu mama mmoja ambaye kesi ya mwanawe iliondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai. Akachinja mbuzi, bila kuambiwa kwamba kuondolewa kwa namna hiyo si kuachiliwa kuwa huna hatia, na kwamba mtu anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yale yale. Muulizeni wakili mmetoka kwa kifungu gani. Chukueni nakala ya amri ya mwisho yenye muhuri, na nyingine ikae mfukoni mwa kijana. Siku ya kuachiwa nendeni wengi kumpokea, na wakili awepo mpaka mmeingia garini. Ombeni dhamana irudishwe kwa maandishi, hairudi yenyewe. Kitabu cha Probox kilichukua miezi.

Simu nyingine zilirudi, nyingine bado tunaziandikia barua tukitumia ile orodha ya vielelezo iliyotiwa sahihi. Na kwa kuwa alama za vidole zilichukuliwa, mdogo wangu aliomba cheti cha tabia njema, ili aone kilichobaki kwenye kumbukumbu kabla hajakutana nacho mbele ya mwajiri au dirisha la pasipoti. Kilitoka safi. Aliye na ndugu aliyepitia haya afanye vivyo hivyo mapema, wakili akiwa bado anakumbuka faili.